Wathesalonike Wameniunguzia Pampu

Fundi alipoifungua pampu yangu hakusema kitu. Aliinusa kwanza, kama mtu anayekagua samaki wa jana, kisha akaniangalia.

"Mzee, uliiwasha kavu?"

Nikamjibu kwamba niliiwasha kama maandishi yalivyoelekeza.

"Maandishi gani hayo?"

Hapo nikakosa la kusema, maana jibu la kweli lilikuwa Waraka wa Pili wa Mtume Paulo kwa Wathesalonike, sura ya 2, mstari wa 7. Ukimwambia fundi wa Mbagala kwamba pampu yako imeunguzwa na Wathesalonike atakuombea, halafu atakuongezea bei.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtunza stoo. Kwa miaka 22 nimepokea saruji, nondo na mabati kwa Kiswahili, na hakuna mfuko hata mmoja uliowahi kulalamika kwamba haunielewi. Mwaka huu akaja bosi mpya anayetaka ripoti zote kwa Kiingereza. Elimu yangu ni ile ya wengi wa rika langu: darasa la kwanza mpaka la saba unasoma kwa Kiswahili, halafu unaingia kidato cha kwanza unakuta hata panzi kabadilishwa jina. Nilivumilia miaka minne. Nilichotoka nacho ni salamu ya asubuhi na uwezo wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kozi za mjini zina bei zake. Ndipo likasomwa tangazo kanisani kwetu: darasa la Kiingereza kwa njia ya Maandiko, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, bure. Mama watoto, ambaye kwa miaka kumi amekuwa akitafuta namna ya kunirudisha kundini, aliniandikisha kabla msomaji hajafika mwisho wa tangazo.

"Neno na Kiingereza, baba," aliniambia, "vyote kwa nauli moja."

Mwalimu wetu ni mzee wa kanisa, mstaafu, anayevaa koti hata kwenye joto la Februari. Njia yake, nikiri, si ya kijinga. Unaweka Biblia mbili mezani, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Hadithi unaijua tangu utotoni. Ukikutana na neno geni huna haja ya kamusi: unajua tayari nani alipanda mti na nani alimwita ashuke, kwa hiyo lile neno refu lililokaa katikati haliwezi kuwa kitu kingine ila mkuyu.

Ubaya wake ni kwamba ukiijua hadithi mno, macho yanaacha kufanya kazi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nasoma Kiingereza kama maji, mpaka wenzangu wakanipigia makofi. Siku moja Mwalimu akagundua kwamba nimemaliza habari ya mwana mpotevu, ameshapokewa na ng'ombe ameshachinjwa, na ukurasa sijaufunua. Kumbe nilikuwa nimekariri aliyoyasoma yeye Jumanne. Akaweka kidole kwenye neno moja tu, akaniuliza hili ni nini. Nikamwomba nianzie juu ili nipate mwendo. Akakataa. Nililitazama lile neno nalo likanitazama. Lilikuwa nguruwe.

Basi nikaanza upya, kwa adabu, na msamiati ukakua. Tatizo ni upande uliokulia. Leo hii najua manemane kwa Kiingereza. Najua ubani, nzige, ukoma, towashi na mtoza ushuru. Turubai silijui. Nimekaa stoo miaka 22, na ghala pekee ninaloweza kulizungumzia kwa Kiingereza ni la yule tajiri mpumbavu aliyetaka kuyabomoa yake ajenge makubwa zaidi.

Na sarufi je? Wakati uliopita tuliusomea kwenye sura ya kwanza ya Mathayo, pale fulani anapomzaa fulani, naye fulani akamzaa fulani, kutoka Ibrahimu mpaka Yusufu. Kitenzi ni "begat", na kinarudi zaidi ya mara 30 katika ukurasa mmoja. Kwa kukariri hakuna zoezi linaloshinda hilo. Dereva wetu alipopata mtoto wa kiume, mimi ndiye niliyewatangazia wenzetu kwenye kundi la WhatsApp la kazini, kwa kitenzi hicho hicho. Bosi akajibu kwa alama tatu za kuuliza. Ripoti yangu ya kwanza ya saruji ilianza na "behold", na ile mifuko 12 iliyopungua niliiandika kuwa imepotelea nyikani. Aliisoma mara mbili, akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama nimefiwa.

Sikujua kosa langu. Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa kidato cha pili. Nilikuwa nimemsaidia insha, nikamwekea vitenzi vyenye mikia mizuri ya "eth", na alipoirudisha kutoka shuleni kalamu nyekundu ilikuwa nyingi kuliko wino wake.

"Baba," akasema, "hicho unachojifunza ni Kiingereza cha marehemu."

Nikaenda kumbana Mwalimu. Hakuona haya hata kidogo. Akaeleza kwa fahari kwamba Biblia zile, zilizotolewa sadaka kwenye maboksi, ni tafsiri ya Mfalme James wa Uingereza. Mfalme aliitisha mkutano Hampton Court mwaka 1604, wakateuliwa wataalamu, waliofanya kazi wakawa kama 47, na kitabu kikatoka mwaka 1611. Nikapiga hesabu: Kiingereza changu kimepita miaka 400. Tena Mwalimu akaongeza chumvi kwenye kidonda. Wale wataalamu hawakuanza na karatasi tupu. Sehemu kubwa ya maneno ya Agano Jipya waliyachukua kwa William Tyndale, aliyechapisha lake mwaka 1526, na mwaka 1536 akanyongwa na mwili wake ukachomwa moto, karibu na Brussels. Kwa hiyo binti yangu hakunitukana. Alisema kweli tupu, na marehemu mwenyewe namjua kwa jina.

Sina ugomvi na maneno yaliyokufa. Neno lililokufa halidhuru mtu, unalizika tu. Yanayoniudhi ni yale yaliyo hai bado lakini yamegeuza maana njiani, bila kumpa mtu taarifa. Chukua "quick". Katika Biblia yangu, walio "quick" ni walio hai, wale watakaohukumiwa pamoja na wafu. Asubuhi moja lori likiwa linasubiri mizigo, bosi akanifokea niwe "quick". Niliguswa sana. Nikamshukuru, nikamtakia na yeye hivyo hivyo, nikaendelea kuhesabu nondo zangu taratibu.

Au "prevent". Siku hizi ni kuzuia, naambiwa. Zamani ilikuwa kutangulia. Langoni kwetu pana bango la usalama kazini, nami kwa miezi miwili nikalielewa kuwa linatusihi tuzitangulie ajali. Nikasema sawa, kila kampuni na sera yake. Na "suffer", ambalo wote wanalijua kuwa ni kuteseka, pale kwa watoto waliokuwa wakizuiwa na wanafunzi lina maana ya kuwaachia waje. Sasa "let", ambalo dunia nzima inalitumia kwa kuachia, kwa Wathesalonike ni kuzuia! Yaani katika Kiingereza nilichofundishwa mimi ukiteswa umeruhusiwa, na ukiruhusiwa umezuiwa.

Kabla sijafika kwenye pampu, nisimnyime mtu haki yake. Kile Kiingereza kina jambo moja ambalo Waingereza walifanya ujinga kulitupa. Kilikuwa na "thou" kwa mtu mmoja, na "ye" na "you" kwa wengi, kama sisi na wewe na ninyi. Baadaye wakaanza kumwita mtu mmoja kwa wingi, kwa heshima, wakazidisha heshima mpaka wewe akafa kabisa na ninyi akarithi nyumba. Ndiyo maana mhubiri akihubiri kwa Kiingereza cha leo kila mtu anageuka kumtazama jirani yake. Kwa Kiswahili hakuna pa kujificha. Ukiulizwa "umetubu?" ni wewe huyo huyo, na shati lako.

Mtu pekee niliyewahi kuongea naye Kiingereza bila shida ni mgeni wetu mmoja kutoka Marekani. Alikuja kusali nasi Jumapili moja, na Mwalimu akanisukuma mbele nimkaribishe. Nikamuuliza atokako kwa "whence", nikamwita "thou" mara mbili, nikamhakikishia kwa "verily" kwamba chai ipo. Mzungu akatoa macho. Halafu akakunjua uso, akainua mkono wa kulia, akanijibu kwa Kiswahili:

"Salamu kwako, ee ndugu! Tazama, nimekuja kwenu, nami nina furaha kuu."

Kumbe naye alijifunza Kiswahili nyumbani kwake kwa njia ile ile, Biblia mbili mezani, na iliyomwangukia yeye ni ile Union Version yetu ya mwaka 1952. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima, yeye akitumia enyi na ewe bila kukosea umoja na wingi, mimi nikimwekea "eth" kila panapostahili. Hakuna aliyetuelewa ila sisi wawili. Nilipomsindikiza gengeni, muuza maembe akamtajia bei ya Kizungu. Mgeni hakubishana. Alimwelekezea kidole tu, akasema, "Ole wako!" Yule mama alishusha bei mpaka ikapita ile tunayouziwa sisi, akamwongezea na ndimu.

Sasa pampu. Maji kwetu ni ya mgao, yakija yanakuja usiku na hayana nguvu ya kupanda kwenye simtanki. Nikanunua pampu ndogo kwa shilingi 130,000. Fundi akaomba 15,000 ya kuifunga. Mama watoto akamwambia, majirani wakisikia, kwamba siku hizi baba anajisomea mwenyewe.

Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, maneno machache, namba moja mpaka tano. Ya kwanza nikaielewa. Ya pili ikaanza na "let", ikafuatiwa na pampu, kujaa na maji, kabla ya kuwasha. Nilifurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao. "Let" si ndiye yule wa Alhamisi iliyopita! Mwalimu alitusomesha mstari ule dakika arobaini nzima, tukaweka kidole kushoto kwenye Kiswahili, tukakuta pale azuiaye, tukarudi kulia. Kuzuia. Kwa hiyo: izuie pampu isijae maji kabla hujaiwasha. Maneno yenye busara, nikaona, kwa kuwa umeme na maji havipatani. Nikaimwaga yote, nikaikausha ndani kwa kitambaa safi, nikawasha.

Ilinguruma vizuri tu kwa muda. Kisha ikaanza kulia. Kisha ikanyamaza, na ule moshi ukatoka.

Mwalimu nilipomweleza alishika kichwa. Akasema "let" zipo mbili, zamani zilikuwa maneno mawili tofauti zikaishia kufanana, na kwamba alilifafanua hilo vizuri wiki tuliyosoma Mwanzo. Pale kwenye uumbaji "let" imejaa tele na haizuii kitu: nuru inaambiwa iwe, nayo inakuwa. Nikatazama daftari la mahudhurio. Wiki ile nilikuwa msibani Korogwe.

Kijana mwinjilisti wetu, aliyekuwa amekaa pembeni akichezea simu, ndipo akafungua mdomo. Akasema mbona ipo Biblia ya Kiingereza iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama mimi. Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, mwaka 1930 alichambua Kiingereza akabakiza maneno 850, akaona yanatosha kuendea maisha. Wenzake wakaongeza 150 kwa ajili ya Maandiko, yakawa 1,000, na kwa maneno hayo elfu moja wakaitafsiri Biblia nzima. Agano Jipya lilitoka mwaka 1941, Biblia kamili mwaka 1949. Manemane sina haja ya kuyabeba begani.

Nikamuuliza kwa nini anasema leo. Akasema hakuulizwa.

Ile orodha ya 850 ina vitenzi 18 tu, nami nilimwomba anisomee kimoja kimoja palepale. "Let" imo. Maana yake ni kuruhusu.

Kwa hiyo, msomaji, kama una pampu ndogo iliyotumika, inayoweza kupandisha maji kwenye simtanki la lita 1,000, tutafutane, bei haiwezi kutushinda. Karatasi ya maelekezo baki nayo.