Jinsi ya Kumpoteza Mwanafunzi wa Historia kwa Wiki Nane

Njia ni nyepesi, wala haihitaji bajeti. Akifika ofisini kwako Julai kwa mafunzo ya vitendo, yaani fildi, na barua ya utambulisho kutoka chuoni, mkaribishe vizuri, mwonyeshe masjala, kisha msahau humohumo. Akimaliza kupanga majalada, atoe kopi. Kopi zikiisha, afuate chai. Wiki ya mwisho mgongee mhuri, mwandikie kwamba ni kijana mwadilifu, muage. Baadaye mwajiri akimuuliza alifanya nini fildi, atajibu: "Nilikuwa halmashauri." Hapo ametaja jengo tu.

Linaniuma jambo hili, maana ndani ya masjala hiyo kuna kazi inayomsubiri yeye hasa. Chukua jalada la mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili: barua zimepishana tarehe, ramani imechanika, muhtasari wa kikao kimoja unakanusha wa kingine. Afisa ardhi hana muda wa kulisoma lote. Mwanafunzi wa historia amefundishwa kuuliza nani aliandika, lini, akitetea maslahi ya nani, na barua ipi haipo. Mpe jalada hilo, mpe meza, mwambie unataka kurasa mbili zitakazosomwa kikaoni. Akikosea, mrudishie aandike upya. Siku atakayosikia wazee wakibishana juu ya aya aliyoiandika, atajua elimu yake inafanya kazi gani.

Mwanafunzi wa Kiswahili naye asiambiwe hana soko. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama. Sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji watu wa kuzitafsiri na kulinganisha istilahi zake. Mwanasheria mmoja wa kuhakiki kazi yake anatosha kuanzia.

Kuna pia suala la nauli, ambalo vyuo hulipita haraka mno. Asiye na mkopo wa Bodi ya Mikopo huchagua ofisi iliyo karibu na kwa shangazi yake, hata kama haimfai. Ofisi inayomtaka kweli imchangie nauli na chakula cha mchana.

Kwako mwanafunzi: usijaze logibuku kwa "nilisaidia kazi za ofisi." Andika: "Nilisoma barua zote za mgogoro, nikazipanga kwa tarehe, nikaonyesha mahali maelezo yanapogongana." Sentensi hiyo ihamishie kwenye wasifu wako kama ilivyo.

Nawe mhadhiri, ukienda kumkagua, usiishie kwenye sahihi na mhuri. Mwambie akuonyeshe alichoandika, ukisome palepale, mbele ya msimamizi wake. Na kabla hujampangia ofisi, ipigie simu uulize kazi ipi imekwama kwa kukosa mtu wa kusoma na kuandika kwa makini. Wakikujibu kwamba hawana, mtafutie kwingine mapema, kabla hajakata tiketi ya basi.