Mbwa wa Boma na Kichaka cha Mathenge

Kando ya mto Ewaso Ng'iro, Isiolo, palikuwa na boma lenye mbuzi wengi na mbwa hodari. Fisi hakuthubutu kusogea. Aliyelitafuna boma lile ni mbwa aliyezaliwa humo humo. Siku moja alionja damu ya mwanambuzi, na tangu hapo hakushiba.

Alijificha ndani ya kichaka cha mathenge nyuma ya birika la maji. Mathenge mnaijua: miiba yake hutoboa tairi, matawi yamesukana hata upepo haupiti. Akazaa humo. Mbwa wenzake wakikaribia, huita kwa sauti ya nyumbani: "Mimi wenu, ndugu zangu." Nao huketi.

Kobe akashauri mbwa wa boma wazibwe masikio kwa nta. Wakazibwa, wakatoka kwa ghadhabu, lakini kichaka hakikuwapitisha. Wawili wakarudi kuwang'ata mbuzi wa boma. Choroa akataka kichaka kichomwe. Kikachomwa kwa uangalifu, birika lisipasuke. Mwasi akafa, ila wanawe walikwisha vuka mto, na mbwa, masikio wazi, wakadanganywa tena. Kichaka kikachipua.

"Moto na nta viende pamoja," Kobe akasema.

Wakazibwa tena, kichaka kikachomwa tena. Safari hii, majivu yalitoa harufu ambayo mbwa hawakuwahi kuipata: manyoya ya mwasi yaliyoganda damu ya mbuzi. Wakaishika. Wakavuka mto, wakawafuata wale ambao moto haukuwagusa. Hawakuwapata wote.

Nimesimulia haya kwa ajili ya saratani ya kongosho. Mwaka 2018 James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi ya kuondoa breki za kinga ya mwili. Dawa zilizotokana na kazi hiyo, nta ya hadithi yetu, zimeokoa wagonjwa wa saratani ya ngozi na mapafu. Peke yake, kwenye kongosho, hazifui dafu isipokuwa kwa wachache. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuziunganisha na kuunguza uvimbe kwa joto, kuugandisha, au kutoboa seli zake kwa mipigo ya umeme, ili kinga iijue harufu ya adui. Bado ni majaribio.

Ndugu msomaji, macho yakigeuka manjano, mwili ukikonda bila sababu, au maumivu ya tumbo yakipenya hadi mgongoni, usingoje. Nenda hospitali kichaka kingali kidogo.