Mtafute Babu Yako Kabla Mthamini Hajafika

Mtu wa Kanda ya Ziwa hutafuta asili yake kwa sababu mbili: posa na fidia. Posa, kwa kuwa wazee hawapendi kugundua siku ya kutoa ng'ombe kwamba kijana na binti ni wajukuu wa bibi mmoja. Fidia, kwa kuwa wapima ardhi wa mgodi wakionekana porini na vigingi vyao, kila mwenye shamba hushikwa na hamu ya ghafla ya kujua babu yake alizikwa wapi. Ipo sababu ya tatu, udadisi, lakini hiyo ni ya watu walioshiba.

Wamarekani wanayo hiyo ya tatu kwa wingi. Mamilioni yao hujivunia babu aliyetoka Ireland, na hutoa fedha nzuri ili kujua alipanda meli gani. Tusiwaonee wivu mapema. Mtu wa kwanza kuandikishwa kituo cha wahamiaji cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892, alikuwa msichana wa Kiairishi, Annie Moore kutoka Cork, akazawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Jina lipo, tarehe ipo, meli ipo. Hata hivyo, kwa miaka mingi nchi nzima ilimsifu Annie Moore mwingine, wa Texas. Mwaka 2006 ndipo ilipobainika kwamba huyo alizaliwa Illinois, humo humo Marekani, na kwamba Annie mwenyewe aliishi na kufa New York, si mbali na aliposhukia.

Ikiwa wenye orodha wamempoteza mtu wa kwanza kwenye orodha, wewe ambaye babu yako aliingia Geita kwa miguu, akiswaga ng'ombe, huna haja ya kuona haya. Fuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Chagua babu unayemtaka

Babu wa fidia lazima awe amezaliwa hapo hapo, na baba yake pia, na kaburi lake liwe upande wa ndani wa kigingi. Babu wa posa awe na ng'ombe wengi na asiwe na deni la mahari. Babu wa kugombea udiwani awe mwenyeji kuliko babu wa mpinzani wako, hata kama mabwana hao wawili walifika wiki moja.

Anayeleta shida ni babu wa kweli. Huyo, mara nyingi, alitoka Kwimba, Maswa au Shinyanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliona kwamba Usukuma wa katikati umebeba watu na mifugo kupita kiasi, ikaanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma. Mapori ya mbung'o upande wa Geita yakafyekwa, malambo yakachimbwa, na familia zikahamia huko na mifugo yao. Wengine walikuwa wametangulia kufuata kibarua kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofunguliwa miaka ya 1930 na kufungwa 1966. Hao wote waliwakuta Wazinza, na waliwakuta Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma.

Kwa hiyo ukimsikia mtu sokoni Katoro akisema kwa sauti, "Sisi ndio wenyeji hapa," mpe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha muulize kwa upole babu yake alikuja na ng'ombe wangapi. Akitaja idadi, umemkamata.

Hatua ya pili: Mwendee bibi, na usiende mikono mitupu

Usimtokee na daftari. Mwenye daftari kijijini ni mtu wa sensa, mtu wa mkopo au mtu wa chama, na wote watatu hujibiwa kwa uangalifu. Nenda na sukari na mche wa sabuni. Utamkuta uani ametandaza michembe juani na fimbo ya kufukuzia kuku iko karibu. Msalimie, kaa chini, msaidie kugeuza michembe. Usiulize kitu mpaka yeye aulize wewe ni mtoto wa nani, ingawa alikubeba mgongoni. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Bibi, babu alihamia huku lini?"

"Mwaka wa njaa."

"Njaa ipi, bibi?"

"Ile iliyomaliza ng'ombe wa mjomba wake."

"Mjomba yupi huyo?"

"Wewe humjui. Alishakufa."

"Alikufa lini?"

"Kabla babu yako hajahamia huku. Mjukuu wangu, fukuza huyo kuku."

Mtafiti mvivu atarudi mjini akilalamika kuwa hakupata mwaka. Mtafiti mzuri amepata mjomba mwenye ng'ombe, njaa iliyowamaliza, kifo, na kijana aliyebaki bila mahari ya kuolea. Sasa uliza swali moja tu: ng'ombe wa mahari ya bibi mwenyewe walitoka zizi la nani? Hapo ukae sawa, maana atawataja mmoja mmoja kwa rangi na pembe, nani alichanga dume, nani aliahidi mtamba hakuleta, na mtamba huyo anadaiwa mpaka leo. Kila aliyechanga ni ndugu. Hakuna ofisi ya serikali yenye rejista iliyotunzwa kama hiyo.

Tarehe ya kuzaliwa ya babu usiihangaikie. Itazame kwenye kadi ya mpiga kura au kitambulisho cha taifa: 1 Januari, na kama karani alikuwa na huruma, 1 Julai. Kwa mujibu wa nyaraka, wazee wa mikoa hii karibu wote walizaliwa siku moja, ile ile aliyoshuka Annie Moore. Tarehe hiyo ni ya karani. Mama mzazi hakuulizwa.

Hatua ya tatu: Usilitegemee jina la mwisho

Moore huzaa Moore mpaka mwisho wa dunia. Kwetu Mabula humzaa Shija, Shija humzaa Kulwa, na Kulwa akiandikishwa shule anaitwa Kulwa Shija Mabula. Mtoto wa Kulwa hatakuwa na Mabula popote. Kila kizazi kinapoongeza jina mbele, kingine kinadondoka nyuma, na babu wa babu anabaki njiani. Ongeza mjomba aliyempeleka mtoto shule akamwandikisha kwa jina lake ili apunguze maelezo, na katekista aliyemgeuza Mabula kuwa Paulo. Ndugu wa tumbo moja sasa wana majina matatu ya mwisho na hakuna aliyedanganya.

Majina yenyewe yanasaidia kidogo. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata, Mabula alizaliwa na mvua. Ni taarifa nzuri kwa mamlaka ya hali ya hewa, ila kwa mtafiti ni balaa, kwa sababu mvua ilinyesha kwa kila mtu.

Hatua ya nne: Fungua sanduku la bati

Kila ukoo una sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu asiyependa lifunguliwe. Ndani yake tafuta kipande, kadi ya kibarua ya wakati wa mkoloni, yenye nafasi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Tafuta stakabadhi za kodi ya kichwa, ambazo wazee walizitunza kuliko vyeti vya ndoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kukamatwa njiani kwa kukosa cheti cha ndoa. Tafuta karatasi za chama cha msingi cha pamba: baada ya Shirikisho la Ushirika la Victoria kuundwa mwaka 1955, mkulima wa Usukuma aliandikwa kila alipopima mzigo wake. Ukikuta mchwa wametangulia, jifariji kwa Waairishi. Ofisi yao ya kumbukumbu mjini Dublin iliteketea mwaka 1922 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na madaftari karibu yote ya sensa za 1821 hadi 1851 yakaondoka na moshi. Mchwa ni waungwana, huacha kingo.

Kisha nenda parokiani. Jimbo la Geita lilimegwa kutoka Mwanza mwaka 1984, na parokia nazo humegana hivyo hivyo, kwa hiyo ubatizo wa babu huenda umelala kwenye kitabu cha parokia mama, mbali na kanisa unalosali wewe. Shinyanga, mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani walifika mwaka 1954, na askofu wa kwanza wa jimbo, Edward McGurkin, alikuwa mmoja wao. Mfikirie padre kijana ambaye labda ana shangazi huko kwao anayetafuta meli ya babu wa Kiairishi. Ameketi Usukumani, mbele yake amesimama mzee anayeitwa Ng'wandu. Padre anasikiliza, anamwomba arudie, anasikiliza tena, anaandika alichoweza. Tafuta basi chini ya Mwandu, Ngwandu, Nwandu na Wandu. Usipompata, tafuta Petro.

Wenye nauli wanaweza kufika Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, au Maktaba ya Chuo Kikuu yenye karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyechapisha kitabu cha sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Utajifunza kila kitu kuhusu mirathi, isipokuwa aliyekula ya kwenu.

Hatua ya tano: Nenda kwenye mahame

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa Shinyanga na mikoa jirani kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika, ikawapanga kwenye vijiji. Kwa hiyo nyumba aliyozaliwa baba yako huenda haipo kijijini kwa baba yako. Itafute nje, kwenye mbuga, kwa alama zake: mstari wa minyaa iliyorefuka bila mtu wa kuikata, jiwe la kusagia lililoliwa katikati, na udongo mweusi ulionona pale palipokuwa zizi. Kwenye zizi nenda taratibu, maana wenye miji wengi wa zamani walizikwa humo.

Hapa ndipo utafiti wa udadisi na utafiti wa fidia huachana. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, na mthamini hulihesabu kaburi analoonyeshwa. Kaburi la zizini halina msalaba wala saruji, na kwa macho ya mthamini ni samadi. Ndiyo maana katika maeneo ya migodi utaona kaburi la mwaka 1952 ambalo saruji yake haijakauka vizuri. Kule Nyamongo, mkoani Mara, watu walizoea kujenga nyumba za haraka kwenye eneo linalosubiri fidia, wakaziita tegesha. Kumtegesha babu kunahitaji ustadi zaidi, kwa sababu nyumba haina ndugu wa upande wa pili watakaokuja na babu yule yule wakadai alizikwa kwao. Kabla ya kununua saruji, kubalianeni kwanza idadi ya makaburi. Marehemu mmoja mwenye makaburi mawili humfikirisha hata mthamini mwenye njaa.

Hatua ya sita: Mkatae babu wa Mwadui

Ukifika Kishapu utapewa bure babu mmoja mzuri sana: yule aliyemwonyesha Williamson almasi. Mkatae kwa heshima. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mwaka 1947 mgodi wake ukatoa almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyomzawadia Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Tangu hapo idadi ya waliomwonyesha njia imekuwa ikiongezeka kila msiba. Kama wote walikuwapo siku ile, basi lile lilikuwa gulio, na inashangaza Williamson alipata wapi nafasi ya kuinama. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1958 bila mke, kwa hiyo ukijiona umeanza kufanana naye kwenye picha, pumzika kidogo, unywe maji.

Hatua ya saba: Muulize uliyemkuta

Hatua hii watu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye majibu. Tafuta mzee wa Kizinza jirani na mji wa kwenu. Wakimbizi wa njaa na wafuata malisho hawakujiandika walipofika, lakini aliyewapokea aliwaangalia vizuri. Atakwambia babu yako alitokea upande gani, alikuwa na wanawake wangapi, alilala kwa nani usiku wa kwanza, na kiongozi gani alimkatia eneo. Ukoo wenu unasema babu alilikuta pori tupu. Mzinza atakuonyesha kidole mahali pori hilo lilipokuwa na mtama wa baba yake.

Sikiliza mpaka mwisho. Utaondoka pale ukiwa na jina kamili la babu, njia aliyopita, hata sababu ya kweli ya kuhama, ambayo mara nyingi haikuwa njaa bali mke wa mtu. Utakuwa umepoteza kitu kimoja tu: haki ya kuwaita wachimbaji waliofika Nyarugusu mwaka juzi "watu wa kuja". Babu alikuwa wa kuja. Alifuata nyasi kama wao wanavyofuata mwamba, akaomba eneo, akapewa.

Madhara yanayotarajiwa

Ukishampata babu, ukoo utaitisha kikao na kukuchagua katibu, kwa kuwa wewe ndiye mwenye kalamu. Litafunguliwa kundi la WhatsApp. Siku ya kwanza watu watalia kwa furaha na kutumiana picha. Siku ya pili mtu wa Kahama atauliza kuhusu yule mtamba ambaye hakuletwa. Siku ya tatu utagundua kwamba babu aliacha mji mwingine Kwimba, wenye mke na watoto waliomngoja, na kwamba wajukuu wa huko ni wengi kuliko ninyi, wana heshima zao, na wana harusi nne mwaka huu. Kadi za mchango zitakufikia wewe kwanza, katibu. Kima cha chini kimeshaandikwa.