Ombi la Kazi ya Kupanga Mustakabali

Kwa Mawaziri wa TEHAMA,
Nairobi na Kampala.

Waheshimiwa,

YAH: KAZI YA MPANGA MIKAKATI WA AKILI UNDE, TAWI LA MPAKANI

Nimesikia mustakabali una wenyewe. Kenya iliunda jopokazi la akili unde mwaka 2018 chini ya Profesa Bitange Ndemo, na Machi 2025 ikazindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa kutufikisha 2030. Uganda nayo iliteua jopo la Mapinduzi ya Nne ya Viwanda mwaka 2019. Hongereni. Huku Tororo, ninakouzia mahindi, tunaona kila mustakabali ukifika kwenye kizuizi cha Busia na kugeuza.

Kwetu ubunifu si mgeni. Miaka ya 1960 vijana wa Busia walifunga kiti nyuma ya baisikeli, wakavusha abiria kile kipande kirefu kati ya vituo viwili vya forodha. Leo Afrika Mashariki nzima inapanda bodaboda. Hapakuwa na jopokazi, warsha ya hotelini wala posho ya kikao. Hilo najua ni doa katika rekodi yetu, na mkiniajiri halitarudiwa.

Data nazo tunazo, ila hupita alfajiri njia za panya, kichwani mwa akina mama. Ofisi ya Takwimu ya Uganda huziheshimu kiasi cha kuketisha watu mpakani wazihesabu kwa macho: magunia mangapi, juu ya baisikeli ngapi. (Sicheki. Hao nawaamini kuliko mzungumzaji yeyote wa kongamano.)

Ugumu uko kwenye utabiri. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Siku tano baadaye ikayaruhusu, kwa masharti. Mahindi yaleyale, lori lilelile, barabara ileile. Mashine hujifunza kwa kusaka mpangilio katika yaliyopita. Mkiilisha matangazo yenu itaomba likizo ya ugonjwa. Dereva aliyekwama mpakani Malaba hahitaji kompyuta: hashushi mzigo, anaagiza chai, anangoja wakubwa wabadili mawazo.

Kwa hiyo mradi wangu wa kwanza hautatabiri mvua, wala mkulima, wala bei ya gunia. Hayo mmeshayachunguza vya kutosha. Utawatabiri ninyi. Mtambo utasimikwa Busia, uwe na taa mbili tu, na mama mwenye kikapu cha mayai atautazama kabla hajavuka: leo serikali imeamkaje?

Usaili naomba ufanyike mpakani, upande wowote mtakaokubaliana; nitangoja. Mshahara usizidi dola 2,000, uweze kupita kwa ile fomu ya wafanyabiashara wadogo bila kutozwa ushuru.

Wenu mtiifu,
Muuza mahindi, Tororo