Tanzania Jumlisha Mbili

Namba yangu ya simu imepishana tarakimu moja tu na ya mama mmoja muuza samaki aina ya mukeke. Mimi nina 1 pale alipo na 7, na kwa jinsi watu wa Bujumbura tulivyofundishwa kuandika 1, na kofia yake ndefu ya Kifaransa, hata malaika angekosea. Ndiyo maana saa nne za usiku, nimejilaza zangu Buyenzi, napigiwa simu na mwanamume anayetaka kujua kama wale sita wakubwa nimeshawatoa matumbo. Namwambia umekosea namba. Ananijibu, "Sawa mzee, basi mpe mama."

Kwa hasira nimeichambua namba yote, tarakimu 11 pamoja na ile ya nchi. Mwanzo wake hauna lawama. 257 ni namba tasa, na si tasa ya hivi hivi: chukua 2 nane, zizidishe, utapata 256, ongeza 1. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ukoo wote wa namba zinazoundwa hivyo, idadi ya hizo 2 ikiongezeka maradufu kila mara, ni tasa. Mpaka leo tasa zinazojulikana humo ni tano tu: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Inayofuata, 4,294,967,297, Euler aliivunja mwaka 1732 kwa kuigawa kwa 641. Nchi za ukanda wetu je? Uganda, 256, ni mbili tupu. Kongo, 243, ni tatu tupu. Tanzania, 255, ni 3 mara 5 mara 17, wakubwa zetu watatu wa ukoo. Jumlisha 2 umeshafika Burundi.

Heshima yote hiyo, halafu zinafuata tarakimu nane zisizo na mlinzi! Namba ndefu ya benki, IBAN, inaye: ukihamishia mwanzo wake mwisho na kugeuza herufi kuwa tarakimu, yote ikigawanywa kwa 97 lazima ibaki 1. Kosea tarakimu moja, mashine inakutemea. Hata simu yenyewe, bonyeza *#06#, ina tarakimu 15, na ya mwisho kazi yake ni kuzihakiki zile 14. Kifaa kinalindwa, mwenye kifaa ajitegemee. Ukikosea namba ya mtu hupati kosa, unampata mtu mwingine. Juzi nimetumiwa faranga za samaki, nikaitwa mwizi kabla sijasoma ujumbe, nikazirudisha, na makato nikalipa mimi.

Nilijumlisha tarakimu zangu nikaona namba nzima inagawanyika kwa 3. Ya mama imenizidi 6 kwenye jumla, kwa hiyo na yake inagawanyika kwa 3. Hata hesabu imeshindwa kututenganisha.

Nikamfuata nimwombe abadilishe. "Badilisha wewe, baba," akasema, "mimi nina wateja."

Siku hizi wakipiga nawajibu kwa adabu zote: mukeke wamekwisha.