Jinsi ya Kuharibikiwa Notting Hill kwa Mara ya Kwanza

Kanivali ya Notting Hill, London, hufanyika Jumatatu ya mwisho ya Agosti na Jumapili inayoitangulia. Mgeni anayetaka kuikosa huku yumo ndani yake aanze na miadi: amwambie mwenzake wakutane saa nane kamili nje ya kituo cha treni cha Ladbroke Grove. Kituo hicho kiko katikati kabisa ya shughuli, ndiyo maana siku hizo hufungwa. Simu nayo haitasaidia, mtandao utakuwa umeelemewa na maelfu wengine wanaoulizana, "Uko wapi?"

Vaa nyeupe. Ukiwahi J'ouvert, ufunguzi wa kanivali alfajiri ya Jumapili, utapakwa rangi, poda na chokoleti ya majimaji, bure, na watu wasiokujua hata jina. Mwavuli uache: kiangazi cha Uingereza hakijawahi kumwangusha mtu.

Kisha tafuta kiti. Umechelewa kidogo, lakini. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, alipoandaa kanivali ya Wakaribi Januari 1959, kufuatia ghasia za 1958 ambapo Weusi wa Notting Hill walishambuliwa mitaani, aliifanya ndani ya ukumbi kule St Pancras, maana baridi ya Januari haina utani. Mwaka 1966 Rhaune Laslett akafanya sherehe mtaani. Russell Henderson na wenzake wakajivika ngoma zao za chuma, wakaanza kutembea huku wakipiga, na watu wakawafuata. Hadi leo hawajakaa.

Sasa choo. Hapa sina haraka, kwa kuwa waongozaji wengine huona haya. Anza na ramu saa nne asubuhi, ongeza bia mbili tatu, na usiulize vyoo viko wapi mpaka ubanwe. Foleni utakayoikuta itakupa nafasi ya kufahamiana na watu. Zile nyumba za rangi za kupendeza ulizoziona kwenye filamu ya Hugh Grant na Julia Roberts nyingi zitakuwa zimezibwa kwa plaiwudi, wenyewe wamekimbilia likizo. Aliyebaki ametundika kipande cha boksi getini: CHOO, na bei yake. Mtu mwenye nyumba ya mamilioni ya pauni anauza haja ndogo kwa rejareja! Usijaribu kupatana naye. Anauona uso wako.

Chakula ni rahisi zaidi. Fuata moshi wa kuku wa jerk wa Kijamaika, ukwepe banda lenye foleni. Wajamaika waliopanga foleni hiyo watakuwa wamekosea tu. Ukishiba, egemea spika. Kifua kitaujua wimbo kabla ya masikio.

Saa tisa alasiri muziki wote hukatwa kwa sekunde 72, kuwakumbuka watu 72 waliokufa kwa moto wa jengo la Grenfell, jirani hapo, mwaka 2017. Wakati huo nyamaza nawe, na mwongozo huu uweke mfukoni.

Saa moja jioni spika huzimwa. Ngoja hapo hapo, ili uondoke pamoja na wote. Na kama ulikwenda Jumapili, siku ya watoto na familia, ukarudi nyumbani ukidhani zile zilikuwa kelele, pumzika vizuri: Jumatatu ndiyo yenyewe.