Shikamoo za Uluguru

Kinachomaliza pumzi mlimani ni shikamoo. Mwinuko wenyewe unavumilika: unatazama chini, unahesabu mawe, unaisingizia kamba ya kiatu upate dakika moja ya kuhema. Lakini njia inayotoka Morogoro mjini kwenda Morningside, na kuendelea hadi kilele cha Bondwa, ni barabara ya watu ya kwendea sokoni. Asubuhi wanateremka nayo wakiwa na karoti, kabichi, ndizi, na stroberi kwenye vindoo, na nusu yao ni wa umri wa mama yangu. Kila mmoja ana haki yake ya shikamoo. Ukishaitikiwa marahaba huachiwi hapo hapo: habari za mtokako, mmelalaje, watoto hawajambo? Anayeuliza ana tenga zima kichwani na hahemi. Anayejibu ana chupa ya maji ya nusu lita, na majibu yanamtoka kwa silabi.

"Ha… wa… jam… bo, mama."

"Mbona kama unaumwa?"

Tulikuwa pale kwa sababu dada wa rasilimali watu alirudi kutoka semina na wazo la kujenga timu. Timu yetu ilikuwa haijabomoka, lakini bajeti ilikuwepo, na bajeti isipotumika hufa Juni. Ijumaa jioni tukapanda treni ya umeme Dar es Salaam, na tukafika Morogoro kabla mjadala wa nani akae dirishani haujaisha. Naamini treni ile ndiyo iliyotuponza. Mtu akishavuka kilomita 200 na ushei kwa chini ya saa mbili, muda ambao siku za foleni hautoshi kumtoa Mbagala hadi Posta, anaanza kuudharau umbali.

Mhasibu ndiye aliyeudharau zaidi. Aliposikia kwamba Bondwa ina urefu wa mita 2,120 na mji uko kwenye mita 500 hivi, alitoa hesabu palepale, akapata 1,620, akatangaza: "Hiyo ni kilomita moja na nusu tu, jamani." Hesabu ilikuwa sahihi. Ila kilomita yenyewe ilikuwa imesimama wima.

Huyu ni mtu ambaye ofisini anaheshimika kuliko mkurugenzi, maana mkurugenzi anaidhinisha tu, yeye ndiye anayelipa. Msemo wake ni mmoja: hakuna risiti ya EFD, hakuna hela. Nimewahi kumwona akimrudisha dereva aliyeziba pancha Chalinze usiku wa manane, eti akamtafute fundi ampe risiti ya mashine. Kwa safari hii alikuwa amenunua viatu vya mtumba vya kupandia milima, vizito, vya Italia, alivyoapiwa kwamba ni orijino. Nadhani vilikuwa orijino kweli. Tatizo ni kwamba vilikuwa orijino tangu zamani sana, na gundi yake ilikuwa imeshastaafu.

Soli ya kushoto ilibanduka tukiwa bado kwenye mashamba ya chini. Kiongozi wetu, kijana wa kulekule juu, aliyekuwa amevaa kandambili na kubeba mizigo yetu mitatu, alichuma kamba kwenye mgomba mkavu, akaifunga ile soli kwa mafundo mawili, akaendelea kupiga mluzi. Kijana wetu wa kompyuta, mwenye fimbo mbili za kupandia mlima alizoagiza mtandaoni, aliuliza kama fundo lile lina jina. Kiongozi akasema linaitwa fundo.

Mashamba yale yako kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani angedhani ni kuta. Upande wa pili wa milima hii, kule Matombo, mwaka 1955 zilizuka ghasia baada ya serikali ya Waingereza kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi. Shuleni niliisoma habari hiyo kama sentensi moja ya kukariri. Nilipoyaona maeneo yenyewe ndipo nilipoielewa. Wao waliambiwa wauchimbe mteremko. Mimi nilikuwa nimeambiwa niupande tu, na tayari nilitaka kuandamana.

Morningside ni nyumba ya mawe waliyoiacha Wajerumani. Pana nyasi, pana upepo, na mji wa Morogoro unauona wote chini, ule wanaouita mji kasoro bahari. Tulilala kwenye nyasi, tukala chapati na mayai ya kuchemsha yaliyopangiwa kileleni. Hakuna aliyetoa pendekezo. Mikono ilijiendea tu. Mbuzi mmoja wa pale akatafuna ratiba ya dada wa rasilimali watu, na sikuona mtu aliyefanya haraka kumzuia. Ratiba ilisema saa 5:00 tuwe kileleni tukisikiliza nasaha. Saa 5:00 tulikuwa Morningside tukisikiliza magoti.

Msitu unaanzia juu ya hapo. Ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, na ukiingia tu jua linazimwa. Miti imevaa kuvu na nyuzi za kijani hadi matawini, ukungu unatiririka shingoni, na tope lina tabia ya kubaki na kiatu wewe ukiendelea na safari. Maji ya Ruvu, yale tunayooga Dar, yanaanzia milima hii. Mimi nilipokea fungu langu mapema, kupitia soksi. Kiongozi alitueleza habari za ndege mmoja mwenye tumbo la njano ambaye duniani kote hapatikani ila Uluguru. Tulimtafuta. Ila kwa kundi linalohema namna ile, ndege yeyote mwenye akili anakuwa ameshahamia bonde la pili.

Sasa nirudi nyuma hatua chache, hadi pembezoni mwa msitu, pale ambapo njia ya mashambani inakutana na njia ya kilele, maana mahali hapo pamebaki na historia.

Kiongozi alisimama, akatazama chini, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Hapa tupite mbio." Sisi tulipita mbio. Miaka mingi ya kuishi kwenye nchi yenye siafu humfundisha mtu kutouliza maswali. Mhasibu, ambaye kazi yake ni kuuliza maswali, alisimama katikati ya ule mstari mweusi na kuuliza: "Kwa nini?"

Siafu hawajibu papo hapo. Wanapanda kwanza. Wanapita soksi, wanapita goti, kila mmoja anatafuta nafasi yake, na mhusika anaendelea kutabasamu akisubiri maelezo. Nilimwona akitabasamu. Kisha nikaona tabasamu linaganda, halafu nikasikia sauti ambayo sikujua kwamba mtu mwenye shahada ya uhasibu anaweza kuitoa. Mkanda ulifunguka, zipu ikagoma, suruali ikachanika kuanzia zipu hadi gotini, na heshima yote ya idara ya fedha ikabaki imesimama vichakani na bukta ya bluu yenye nembo ya klabu ambayo siku zote alikana kuishabikia.

Wakati huohuo, kwenye kona, akatokea bibi mmoja na mjukuu wake wakitoka shamba.

Mtu mwingine angejificha. Mhasibu alilelewa vizuri.

"Shikamoo, bibi," alisema, mikono yote miwili ikiwa na shughuli.

"Marahaba, baba. Siafu?"

"Siafu, bibi."

"Pole sana. Watoto hawajambo?"

"Hawaja… aah! Hawajambo, bibi."

Yule bibi alitua mzigo wa ndizi, akafungua kata aliyoiweka kichwani kubebea, ikawa kitenge kizima, akamkabidhi bila kumtazama. Mjukuu ndiye aliyetazama kwa niaba ya wote wawili. Mhasibu alijifunga kitenge, akatoa shilingi 5,000, bibi akakataa, wakabishana, bibi akapokea. Na hapo, kwa mazoea tu, kinywa chake kikamponyoka: "Samahani bibi, risiti…" Bibi aliitazama ile suruali iliyoning'inia kwenye mti, akamtazama kiongozi wetu, akasema neno moja kwa Kiluguru. Kiongozi alicheka hadi kileleni na hakukubali kututafsiria.

Kuhusu kilele sina mengi. Kulikuwa na wingu, na ndani ya wingu kulikuwa na minara ya mawasiliano. Dada wa rasilimali watu alikuwa ameiita safari hii "siku bila simu", na kwa saa kadhaa msituni simu zilikuwa zimekufa kweli. Sasa tumeikimbia simu hadi mita 2,120, na huko juu tunakutana na mama yake mzazi, amesimama kwa chuma, ananguruma. Cha ajabu, chini yake palepale mtandao ulisuasua. Kijana wa kompyuta alitueleza kwamba antena hutupa mawimbi mbali, si miguuni pake. Tukasogea pembeni kidogo, na mifuko yote ikaanza kutetemeka kwa pamoja. Ujumbe wa mkurugenzi ulikuwa wa kwanza: hongereni, tumeni picha, na lile faili la Alhamisi liko wapi. Nasaha zikafutwa. Tulipiga picha moja ambayo ndani yake kuna ukungu, kitenge, na nusu ya fimbo.

Kushuka ni rahisi kwa mapafu, ila magoti yangu yaliona mateso ambayo sitayaeleza hapa. Jioni, chini ya Morningside, tukakutana na yule mama wa asubuhi, wa tenga. Alikuwa ameshafika sokoni, ameuza, amenunua sukari na sabuni, na sasa anapanda kurudi kwake. Hahemi.

"Bado mpo?" akauliza. "Mlifika wapi?"

"Kileleni, mama," nikasema.

"Mlifuata nini kule?"

Tulitazamana. Kijana wa kompyuta ndiye aliyepata jibu. "Mtandao, mama."

"Mtandao?" akasema, akilihamishia furushi begani. "Hata kwangu pale upo. Mngekaribia tu, mkanywa na chai."

Jumatatu Mhasibu alijaza fomu ya madai: suruali moja, soli moja, kitenge kimoja shilingi 5,000. Dada wa rasilimali watu akaisaini bila kuisoma. Kutoka pale fomu ikaenda kwenye meza ya uhakiki, ambayo ni ya Mhasibu, ikakaa kutwa nzima huku yeye akiitupia jicho kila anapopita. Saa kumi na moja jioni tuliikuta imerudishwa kwenye trei ya mwombaji. Pembeni, kwa wino mwekundu na mwandiko tunaoujua wote, pameandikwa: "Imekataliwa. Ambatanisha risiti ya EFD."